Milio Miwili ya Mama

Simu iliingia nyumbani kwetu Masasi kabla ya kitanda cha mtoto. Naanza na hilo kwa sababu bado linanichoma. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nalalia ubavu mmoja kwenye godoro lililobonyea katikati, na mume wangu anashusha kwenye baiskeli boksi lenye picha ya simu, anacheka peke yake.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Korosho zilizokuwa zikipelekwa chama cha ushirika tu, sasa zilikuwa na mnunuzi kila njia panda, kila mmoja na mizani yake. Mume wangu alikuwa wakala wa mmojawapo, mtu wa mbali ambaye sijapata kumwona hadi leo, na huyo mtu wa mbali alitaka wakala wake apatikane. Kwa hiyo nguzo ikasimikwa nyuma ya choo chetu, waya ukavutwa mpaka dirishani, fundi akachomeka, akasikiliza, akaondoka. Simu ilikuwa na kioo kidogo juu ya vitufe, kama ubavu wa kiberiti. Kitupu. Hakionyeshi kitu.

"Wameniuzia mbovu," mume wangu akasema.

Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Yeye aliishia darasa la saba, mimi nilimaliza kidato cha nne. Sisemi hivyo kumdharau, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikaketi sakafuni na tumbo langu, nikasoma. Kumbe simu ile, pamoja na waya wake wote, ilitaka betri nne chini ya tako ili kioo kifanye kazi. Na kumbe namba ya anayepiga haionekani mpaka uwaombe wenye laini wakufungulie. Barua ya kuomba niliandika mimi, akaipeleka yeye. Betri niliweka mimi. Saa na tarehe nilirekebisha mimi. Siku walipotufungulia, simu ikalia mara moja, na kabla ya mlio wa pili namba zikajipanga kwenye kioo kama sisimizi. Mume wangu akarudi nyuma hatua nzima.

"Mama Mtoto," akasema, maana alishaanza kuniita hivyo hata kabla sijazaa, "kumbe unamjua mtu kabla hajasema!"

"Unaijua namba," nikamjibu. "Mtu humjui."

Nilisema hivyo kama utani.

Majirani walipopata habari wakaanza kuja. Huyu ana kaka Dar, huyu ana mgonjwa Ndanda, huyu anataka tu kusikia inavyolia. Mume wangu akavumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akarudi kutoka kwa seremala na kisanduku cha mninga, kina bawaba na kufuli. Simu ikatiwa humo kama kuku kwenye tenga, waya unatokea nyuma. Mbele, usawa wa kile kioo, seremala alikuwa ametoboa tundu la mraba na kulifunika kwa kipande cha kioo cha dirisha.

"Hilo tundu la nini?" nikamuuliza.

"La wewe. Mimi nashinda Lukuledi kwenye mizani. Simu ikilia, chungulia, andika namba na saa kwenye daftari. Jioni nikirudi nafungua, nampigia ninayemtaka."

"Na ufunguo?"

Akajipiga mfukoni.

"Nami nikitaka kupiga?"

"Utampigia nani wewe? Mama yako ana simu?"

Hakuwa nayo. Mimi niliyeifufua ile simu nikawa karani wa kuisoma dirishani. Wanawake wenzangu wakija wananitania: "Leo mfungwa wenu kasema nini?" Nacheka nao. Ukishacheka jambo mara kumi, unasahau kwamba ni la kukasirikia.

Mama yangu alikuwa anaishi Mkunya, kule juu Newala, kwenye baridi na ukungu. Mzaliwa wa kwanza anazaliwa kwa mamaye mzazi, kwa hiyo nilipandishwa huko mwezi wa tisa wa mimba na nikakaa mpaka arobaini ya mtoto ikatimia. Mama alikuwa mkorofi kidogo, nasema ukweli. Jambo ambalo hakulisamehe kwa mtu yeyote lilikuwa salamu. Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi likizo, nikampita uani bila kumwamkia, nina haraka ya kwenda kujionyesha kwa wenzangu. Hakunigombeza. Hakunisemesha tu. Nilikula peke yangu, nikachota maji peke yangu, mpaka alasiri nikaja kupiga magoti mbele yake, "Shikamoo mama." Akaendelea kumenya muhogo kwanza. Kisha: "Marahaba. Habari za shule?" Kana kwamba ndiyo kwanza naingia mlangoni.

Kila Jumamosi alikwenda Newala mjini kuuza ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa kwa jembe na subira. Karibu na pale alipopanga mafungu yake palikuwa na duka la mzee mmoja mwenye simu. Kabla sijarudi Masasi nikampeleka hapo na mtoto mgongoni, tukafanya mpango. Kwanza nilifikiri mlio mmoja utatosha, nikakumbuka namba haiji mpaka mlio wa kwanza uishe. Basi miwili.

"Mzee," nikamwambia mwenye duka, "Jumamosi saa nne, mama akija, piga namba hii. Ikilia mara mbili, kata. Haitakugharimu, maana hakuna atakayepokea."

"Na mimi niseme nini?" mama akauliza.

"Usiseme kitu. Nitaona namba ya hapa, nitajua ni wewe, mzima."

"Yaani nitoke Mkunya kwa miguu nije kukohoa mara mbili?"

"Ndiyo."

"Na nikiumwa?"

"Mwambie mzee aiache ilie mpaka mwisho."

Mwenye duka akaguna kwamba sisi wanawake tutamharibia chombo chake. Mama akachagua fungu la ming'oko, nono, akaliweka juu ya kaunta. Mzee akalivuta upande wake.

Na ikawa hivyo. Jumamosi saa nne nilikuwa nasimama mbele ya kisanduku, mtoto begani. Mlio, namba, mlio, kimya. Nami nakiambia kile kioo, "Shikamoo mama," kwa sauti, kama kichaa. Sikuruka hata Jumamosi moja. Jioni mume wangu akiona ile namba daftarini anatabasamu: "Mkwe kakohoa?" Nasema kakohoa. Miezi mingi ilipita namna hiyo, na katika miezi yote hiyo sikusikia sauti ya mama yangu humo ndani hata mara moja. Sikulihesabu hilo kuwa upungufu. Niliona nina bahati. Wenzangu wangapi walikuwa na mama anayewabishia hodi kila wiki?

Kisha ikaja Jumatatu. Msimu wa korosho ulikuwa unaelekea mwisho na mvua zilikuwa zimeanza. Mtoto alikuwa anakohoa. Simu ikalia, nikaenda na kalamu, nikachungulia, nikaona namba ya Newala.

Jumatatu.

Ikalia mara ya pili, nikangoja ikate. Ikalia ya tatu. Ya nne. Nikamweka mtoto chini. Ya saba nilikuwa tayari na kisu cha jikoni kwenye bawaba. Ilipofika kumi na tano ncha ya kisu ikakatika, ikanirukia kifuani. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena upya, namba ileile, ikalia mpaka mwisho wake, mimi nimekumbatia kisanduku kwa mikono miwili nakitikisa, na mkonga wa simu unagongagonga ndani kama mtu anayetaka kutoka.

Siku ile sikumwamkia. Nilikuwa napigana na kufuli.

Sasa niseme linaloniuma kuliko yote, kisha mnihukumu. Shoka lilikuwa nyuma ya mlango. La kupasulia kuni, limenolewa. Nililiona. Pigo moja tu, mninga au si mninga. Sikulishika, kwa sababu nilimwogopa mume wangu. Hajawahi kunipiga. Niliogopa tu atakavyokunja uso na kusema, "Umevunja kitu cha kazi." Hicho ndicho kilichonizuia. Uso uliokunjwa.

Alirudi magharibi. Hata hajaegesha baiskeli nikamwambia, "Newala imeita mpaka mwisho. Mara mbili."

Simsingizii, alifungua haraka, akapiga mwenyewe. Ililia kule mpaka ikakata. Duka lilikuwa limeshafungwa.

"Kesho panda Landrova ya saa tatu," akasema. "Mchukue mtoto, nenda."

Nikafunga kitenge changu usiku uleule. Asubuhi akaondoka mapema kwenda Lukuledi, na alipokuwa anatoka mkono wake ukafunga kufuli. Nasema mkono wake, kwa sababu yeye mwenyewe aliapa baadaye kwamba hakukusudia, ni mazoea. Namwamini. Inanikasirisha zaidi.

Saa moja na nusu, nimeshamvalisha mtoto sweta, simu ikalia. Nikakimbia. Mlio. Namba ya Newala. Mlio.

Kimya.

Nilisimama pale nikingoja wa tatu. Haukuja. Miwili. Mzima! Nikakaa chini palepale nikacheka, nikamwambia mtoto, "Bibi yako huyo, kapona, kaamka na jogoo kuja kunitoa wasiwasi." Nikasema na shikamoo yangu. Kuna kitu kilinigusa kwa mbali: si Jumamosi, na mama aliyeumwa jana anawezaje kufika mjini alfajiri na mvua hii? Nikakijibu mwenyewe. Atakuwa alilala mjini. Atakuwa alipewa dawa. Mtu akitaka habari njema huipikia hata mboga yake. Mtoto alikohoa, nje mvua ilikuwa inapiga mabati, na nikafungua kitenge, nikarudisha nguo mahali pake. Landrova ya saa tatu niliisikia ikipiga honi barabarani. Nikaiacha ipite.

Alasiri mama mdogo, ndugu yake mama wa tumbo moja, akabisha hodi. Kanga yake ilikuwa na tope mpaka kiunoni. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza hali. Akauliza hali ya mtoto. Hali ya mume. Hali ya majirani, watu asiowajua. Akauliza kama mvua huku inanyesha, na maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Mama mdogo," nikasema.

"Mama yako anaumwa, mwanangu. Nimetumwa nikuchukue."

"Asubuhi kapiga miwili."

Akatazama sakafu.

"Mmeshamzika?"

"Landrova ilinasa tope pale kwenye mteremko," akasema. "Tangu asubuhi tunaisukuma. Nilikuwa nifike huku saa tatu, mwanangu. Saa tatu."

"Mmeshamzika?"

"Walisema baada ya adhuhuri. Wasingeweza kungoja, kaburi lilikuwa linaingia maji."

Tulifika Mkunya giza limeingia. Ningepanda ile ya saa tatu, ningelikuta gari la mama mdogo limenasa pale mteremkoni, tungeshuka, tungepanda mlima kwa miguu kama watu wanavyopanda, tungepata lifti juu, ningemwona. Nimeupima muda huo mara nyingi. Ningemwona.

Aliyepiga ile milio miwili ni mjomba. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kuwapo akashauri, lakini mtoto wa dada ni wa mjomba. Siku ya pili ya matanga aliniita pembeni ya ukumbi, akaniambia mwenyewe, hakujificha.

"Nilipiga mimi. Kafariki alfajiri. Nikajua wewe umesikia ile ya jana, unahangaika, na unanyonyesha. Mwanamke anayenyonyesha hapewi msiba na chombo. Maziwa yanakauka, mtoto anakufa, tunazika wawili. Nikasema nikutulize mpaka mama yako mdogo akufikie, akushike mkono."

"Nani alikwambia ya milio miwili?"

"Nani hajui? Mama yako alikuwa anamsimulia kila mtu. 'Mwanangu ananisikia nikikohoa.'"

"Mjomba," nikasema, "milio miwili ilikuwa ya mama."

"Najua."

"Ilikuwa ya mama tu. Haikuwa yako kuipiga."

Wanawake waliokuwa ndani wakachungulia mlangoni. Mtu hasemi hivyo na mjomba wake. Mmoja akatoka kunivuta mkono, "Jamani, ana uchungu huyu, msamehe." Sikuomba kusamehewa. Mjomba alitoa leso akapangusa shingo, siyo macho, shingo, akarudi kukaa na wanaume. Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Na maziwa hayakukauka. Yalitoka mpaka yakaloanisha kanga ya msiba, yakanuka, yakavuta nzi. Hata uongo wake haukuwa na kazi.

Nilikaa mpaka arobaini. Niliporudi Masasi, mume wangu alinipokea kituoni, akambeba mtoto njia nzima. Nyumbani akatoa ufunguo mfukoni akaniwekea kiganjani.

"Uwe nao wewe."

"Wa nini sasa?"

Akaenda kukaa nje. Nikafungua kisanduku. Simu ilikuwa safi, kioo kinaonyesha saa sawasawa, kama nilivyoirekebisha. Simu ile huhifadhi namba za waliopiga, unabonyeza unarudi nyuma moja moja. Nikarudi mpaka nikazikuta. Newala, Jumanne, mara moja. Newala, Jumatatu, mara mbili. Nikainua mkonga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga mwenyewe. Nikaipiga namba ile.

"Haloo, dukani," mzee akasema.

Nikamwamkia, nikajitambulisha mimi ni mtoto wa nani. Akashusha pumzi. Akanipa pole, ndefu, kama desturi.

"Jumatatu ile alipiga nani?" nikamuuliza. "Ile iliyolia mpaka mwisho."

"Mwenyewe."

"Mama? Alikuja?"

"Walikuwa wanampeleka hospitali kwa baiskeli, kakalishwa nyuma, kafungwa kwa kanga asianguke. Kufika hapa akawaamuru wasimame. Wakakataa, akagoma, si unamjua. Wakamshusha kwenye benchi langu. Akaniambia, piga, na leo usikate, na hicho kidude nipe mimi."

"Mkonga?"

"Ndiyo. Siku zote hakutaka kuushika. Siku ile akauweka sikioni. Ikawa inaita. Akatulia kabisa. Akasema, 'Namsikia.' Nikamwambia, mama, hapana, hiyo ni simu inaita tu, hajapokea. Akaniambia ninyamaze. Akangoja. Kisha akanigeukia akauliza, 'Mbona haniamkii?'"

Mzee akakohoa kidogo.

"Nikamwambia tena, mama, mwanao hayupo hapo. Ikakata. Akasema, rudia. Nikarudia. Wale vijana wa baiskeli wanaharakisha, yeye kashika tu sikioni, anangoja. Nikamwambia, basi sema wewe, mama, labda anasikia. Akasema, 'Nianze mimi, mkubwa? Mwache. Nimemlea mwenyewe, ataamkia tu.'"

Sijui niliweka mkonga saa ngapi. Nakumbuka mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, akauliza, "Mkwe alisemaje?" nami nikamwambia neno kwa neno, kwa hasira, nikimtazama, kila neno nikimpigilia kama msumari. Alilia yeye kabla yangu. Nikamwacha alie. Sikumwambia pole.

Kufuli nililitupa chooni. Kisanduku kiko nyuma ya jiko, kuku anaatamia humo. Sasa mtoto wangu ana miaka mitatu, na simu ikilia yeye ndiye hukimbia wa kwanza, anapanda kigoda, anashika mkonga kwa mikono miwili. Nimemfundisha. Nyumbani kwetu hatuangalii kioo kwanza, wala hatusemi haloo. Anayeinua, awe yeye, niwe mimi, awe baba yake na wanunuzi wake wa korosho, anaanza na shikamoo, kabla hajajua ni nani. Mara nyingi anayepiga ni mtu mdogo kuliko sisi, au fundi wa simu anayejaribu laini, na wanacheka. Juzi kijana mmoja wa ghalani alimwambia mume wangu, mkeo kaniamkia kama babu yake, kuna nini huko kwenu?

Wacheke. Wengine huitika.